Mtoto wa Fundi na Prosesa Mbili

Baba yake alikuwa fundi redio, na redio iliyotoka mikononi mwake haikurudi na ugonjwa uleule. Hilo lilijulikana mtaa mzima. Alipofariki, vifaa vyake vya kazi walipewa mafundi wenzake, lakini sifa yake haikugawiwa. Ilibaki nyumbani, ikamwangukia mwanawe wa kiume, mtu wa miaka arobaini na sita ambaye hajawahi kushika bisibisi bila kujichoma.

Mwana huyo alikuwa msahihishaji katika ofisi ya tafsiri. Wafasiri kumi na mmoja waliandika, naye akapita nyuma yao na kalamu nyekundu kama mtu anayechambua mchele. Hakuruhusu sentensi itoke mlangoni bila nukta yake, na kwa sababu hiyo ofisi nzima ilimwita Nukta. Kwa mkato uliokaa vibaya alikuwa na jicho la tai. Kwa mashine alikuwa kipofu. Taa ya mezani ikikataa kuwaka aliipiga kofi, na isipoitika aliomba nyingine.

Lakini nani angeliamini hilo? Mama yake, mwalimu mstaafu aliyewafundisha kusoma nusu ya watu wazima wa mtaa ule, ndiye aliyekuwa mlinzi wa jina la nyumba, na ulinzi wake haukuwa wa mchezo. Jirani akilalamika kwamba simu yake inaganda, mama alimwambia ailete, mwanangu ataitazama, damu haidanganyi. Nukta alizipokea simu hizo, akazizima, akaziwasha, na kwa bahati nyingi zikapona. Hakumdanganya mtu. Ila hakukanusha.

Ijumaa moja asubuhi, bosi wake akaja na mashine mbili kifuani kama mtu aliyebeba mapacha, akazilaza juu ya karatasi zake. Zilikuwa kompyuta za mkononi zilizoazimwa kwa muuzaji kwa wiki moja. Ofisi ilikuwa imeamua kuwapa wafasiri wote mashine mpya zenye akili bandia ndani yake. Nyaraka zao zilikuwa za hospitali, za mahakama na za wasia, siri za watu, na hazikuruhusiwa kupelekwa kwenye mtandao zikafasiriwe huko. Akili hiyo ilitakiwa ifanye kazi humohumo ndani ya mashine, na nguvu ya kufanya hivyo inatoka kwenye prosesa, ile sehemu inayofikiri kwa niaba ya nyingine zote. Mashine hizi mbili zilikuwa na prosesa za aina mbili tofauti. Bei hazikupishana sana, kwa hiyo hazikusaidia kuamua.

"Kaa nazo," bosi akasema. "Wiki ijayo, Alhamisi, naagiza kumi na moja za aina moja. Wewe useme ipi."

Nukta akasema kwamba pengine wangemtafuta mtu wa kompyuta.

"Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta," bosi akamjibu, na wote waliokuwa karibu wakacheka kwa kuridhika. "Usipojua wewe, humu ndani atajua nani?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema sijui. Neno lenyewe fupi, silabi tatu tu, na Nukta alilisikia likipanda kooni. Likafika kwenye meno, likarudi.

Alizipeleka nyumbani siku ileile. Kabla ya kuzifungua aliona ajisomee kwanza, kwa kuwa kusoma ndiyo kazi yake. Karatasi ya muuzaji ilisema mashine zote mbili ni bora kwa kazi, kwa akili bandia na kwa gemu. Majina ya prosesa zenyewe yalikuwa herufi na tarakimu zilizofuatana kama namba za magari. Moja ilikuwa na viini, yaani vijisehemu vya ndani vya kupigia hesabu, kumi na sita, nyingine kumi na viwili. Akadhani kumi na sita ni zaidi, mpaka aliposoma kwamba viini vingine ni vikubwa na vingine vidogo na havihesabiwi sawa. Ile yenye viini vichache ilijisifu kwa kipande maalumu cha akili bandia kinachopiga hesabu trilioni arobaini na tano kwa sekunde. Ile yenye viini vingi ilikuwa na kipande dhaifu cha namna hiyo, lakini ilikuwa na chipu ya picha pembeni, ya kuchezea gemu, ambayo nayo, kumbe, inajua akili bandia kuliko wenye akili bandia wenyewe. Mjuzi mmoja mtandaoni aliapa kwa hii, wa pili akaapa kwa ile, wa tatu akashauri watu wangoje za mwakani. Nukta akatafuta kosa la uandishi ili angalau apate cha kushika. Wote watatu waliandika vizuri.

Kichwa kikamzunguka. Akaamua aziulize mashine zenyewe.

Mpwa wake, binti wa dada yake aliyekuwa akisomea ujenzi chuoni na kulala kwa bibi yake katikati ya wiki, alizipa majina alipozikuta mezani Ijumaa hiyo akipita kuchukua nguo zake. Ile nene ya kijivu, yenye feni linalovuma, aliiita Mbeba Mizigo. Ile nyembamba isiyo na sauti aliiita Bi Harusi.

"Mjomba, hawa unawaoza au unawapiganisha?" aliuliza.

"Nawatahini."

"Na msimamizi wa mtihani ndiye wewe? Maskini wanafunzi." Akacheka, akabeba nguo zake, akaenda zake.

Mtihani wa Nukta ulikuwa wa haki, na haki ndiyo iliyomponza. Alichukua hukumu ya mahakama ya kurasa arobaini, akaiweka katika mashine zote mbili, akazipanga bega kwa bega kwenye meza ya sebuleni, kisha akazibonyeza kwa vidole viwili kwa wakati mmoja, kama wakimbiaji wa filimbi moja. Fasirini. Akashika saa.

Sasa, katika sebule hiyo palikuwa na soketi moja, na juu ya soketi hiyo marehemu baba yake alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: KIMOJA KWA WAKATI. Aliandika hivyo mwaka ambao pasi na redio vilikula umeme pamoja na kuunguza ukingo wa kabati. Tangu siku hiyo hapakuingia kigawanyaji cha waya katika nyumba ile. Mama ndiye aliyeisimamia sheria hiyo, na aliisimamia kama alivyosimamia zamu za usafi darasani: leo wewe, kesho mwenzako, na hakuna kubishana. Kwa hiyo Ijumaa aliyekula umeme wa ukutani alikuwa Mbeba Mizigo, na Bi Harusi akatumia betri yake. Jumamosi wakabadilishana. Jumapili wakabadilishana tena. Nukta aliona utaratibu huo hauna upendeleo hata chembe.

Ijumaa Mbeba Mizigo alimaliza kwa dakika sita, na Bi Harusi kwa kumi na moja. Nukta akashusha pumzi. Kumbe kazi yenyewe ndogo. Jumamosi Bi Harusi alimaliza kwa dakika kumi na moja, na Mbeba Mizigo, bingwa wa jana, akajikokota hadi dakika ya kumi na tisa. Nukta alidhani amesoma saa vibaya. Jumapili Mbeba Mizigo akarudi kwenye sita.

Alitafuta sababu kila mahali. Jumamosi kulikuwa na joto, basi labda ni joto. Labda ni meza, maana upande mmoja umeinama. Labda ni yeye, kidole cha kushoto hubonyeza kwa kuchelewa. Mama aliyekuwa akifuatilia mashindano hayo kutoka kwenye kiti chake alitoa maoni kwamba mashine nene ilikuwa imechoka, hata punda hupumzika baada ya safari. Maelezo hayo, kati ya yote, ndiyo yaliyokaribia kuwa na maana.

Umeme haukumpitia akilini. Kwake umeme ulikuwa umeme. Redio za baba yake zilitoa sauti ileile kwa waya na kwa betri. Alikua akiona hivyo, na hakuwa na sababu ya kufikiri vingine.

Jumatatu asubuhi bosi alimkuta kwenye korido, mbele ya dereva wa ofisi na wafasiri wanne.

"Ehe, mtoto wa fundi. Ipi?"

Nukta alifungua kinywa ili aeleze kuhusu joto na meza. Watu sita walikuwa wakimtazama. Akahesabu haraka: Mbeba Mizigo mara mbili, Bi Harusi mara moja.

"Ile nene," akasema.

"Nilijua tu. Imekaa kikazi." Bosi akampiga bega, akaenda kumwambia mtu wa manunuzi aandae agizo.

Ikawa imetoka. Mchana mama alikuwa ameshapata habari kwa simu, kwa kuwa alimpigia dereva kuulizia jambo jingine, na jioni mshona nguo wa jirani, mwenye duka la vyakula na mwalimu mwenzake wa zamani wote walijua kwamba ofisi kubwa ya tafsiri inanunua mashine kwa neno la mtoto wa fundi. Jioni hiyohiyo Nukta, kwa ajili ya kujiridhisha tu, alizipanga tena. Ilikuwa zamu ya Bi Harusi ukutani. Mbeba Mizigo akatumia dakika kumi na tisa na nusu.

Alikaa akiitazama saa. Mbili kwa mbili. Alikuwa ametia neno lake, na neno la baba yake, kwenye kitu kinachogeuka kila siku kama kinyonga, na hakujua kinageuzwa na nini.

Jumanne mambo yalizidi. Mfasiri wa hospitali, dada mpole aliyeshinda wodini akisema kwa lugha ya mgonjwa anachosema daktari na kuandika ripoti papo kwa papo, alikuja mezani kwake na kumuuliza kama mashine mpya ingemfaa huko. Wodini, alieleza, soketi zote ni za vifaa vya wagonjwa. Yeye hukaa na betri toka asubuhi hadi jioni, na hii aliyonayo sasa huzima wakati mgonjwa anasubiri kuambiwa ana nini. Nukta akamwambia asiwe na wasiwasi. Alipoondoka, wasiwasi wote alimwachia yeye.

Siku hiyo mpwa wake alifika mapema, akaomba amjaribu Mbeba Mizigo kwa gemu. Gemu, alisema, ndiyo kipimo cha nguvu. Mashine inayoweza gemu inaweza na hesabu. Ilikuwa zamu ya mashine nene ukutani, akaruhusiwa. Gari jekundu likakimbia kwenye kioo, barabara ikatiririka, feni likavuma, na hata Nukta akajikuta ameinama pamoja na kona. Kwenye kochi, Bi Harusi alipojaribiwa kwa gemu hiyohiyo alikataa kuifungua kabisa. Mpwa akasema mwanamke huyu hachezi na watu.

Saa kumi na moja kamili mama alinyanyuka, kwa kuwa pasi yake ilikuwa na zamu. Alikwenda ukutani, akachomoa waya wa Mbeba Mizigo bila kuuliza mtu.

Gari jekundu likaanza kutembea kwa kurukaruka, kama picha za kwenye kitabu zinazofunuliwa moja moja. Barabara ikakwama. Mpwa akainua mikono.

"Bibi, umemnyang'anya chakula."

"Si ana betri?" mama akasema, pasi mkononi.

"Anayo. Ila kwenye betri hii hapa hujibana, isije ikaisha upesi. Zenye nguvu nyingi ndivyo zilivyo. Hiyo nyembamba ndiyo haibadiliki, ukutani au kitini ni mamoja." Akamgeukia mjomba wake. "Mjomba, wewe ulizipima zote zikiwa kwenye waya, siyo?"

Nukta alikuwa akitazama maandishi mekundu ukutani, na siku zote nne zilijipanga mbele yake moja baada ya nyingine. Hakuwa amepima prosesa. Alikuwa amepima zamu.

Jumatano alipitisha siku nzima akitafuta ukweli mmoja ulionyooka, akaukosa. Kwa wodini na mahakamani, ambako wafasiri wanane kati ya kumi na mmoja hushinda bila waya, Bi Harusi alikuwa mbele. Basi Bi Harusi. Lakini alipojaribu kufungua ndani yake kamusi ya ofisi, ile waliyoijaza istilahi kwa miaka ishirini na ambayo hakuna mfasiri anayefanya kazi bila hiyo, Bi Harusi aliandika kwa adabu kwamba programu hiyo haikutengenezwa kwa prosesa ya aina yake. Mbeba Mizigo aliifungua kwa kupepesa jicho. Basi Mbeba Mizigo? Mpwa akasema kuna njia ya kuigeuza kamusi ikubali, labda, ikifanyiwa kazi na anayejua, na pengine itakuwa nzito, na pengine haitakuwa. Nukta aliziandika hizo "labda" na "pengine" kwenye daftari, akazisoma tena, na kwa mara ya kwanza maishani alikutana na ukurasa asioweza kuusahihisha.

Agizo lilikuwa litoke kesho yake. Jioni, akiwa amemaliza chai, alimwambia mama yake kwamba asubuhi anakwenda kulirudisha neno lake.

Mama aliweka kikombe chini. Alimuuliza kwa sauti ya darasani kama anajua anachokisema. Alimkumbusha baba yake ni nani. Alimkumbusha watu wameshaambiwa. Na walioambiwa si watu wa kusahau. Akasema mashine zina mambo yake, si aseme tu kwamba iliyoletwa ilikuwa mbovu, wabadilishiwe, na wakati huo wa kubadilishiwa apime upya kimyakimya?

"Mashine si mbovu, mama. Kipimo ndicho kibovu."

"Na kipimo kilikuwa kibovu kwa ajili ya nani? Utasema mama yangu alichomoa waya?"

"Nitasema nilipima vibaya."

Mama alikuwa amesahihisha mitihani miaka thelathini, na alijua tofauti ya mtoto aliyekosea na mtoto aliyebadilisha alama kwenye karatasi. Ilimuuma kwamba alijua.

"Basi iandike," akasema hatimaye. "Usiende kubabaika kwa mdomo. Andika ukurasa mmoja, uweke namba zako zote, na sheria ya soketi uiweke, kwa kuwa ilikuwepo. Na samahani iandike mara moja. Usiiandike mara tatu kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani."

Aliiandika hapohapo mezani, akiwa amekaa na mgongo ulionyooka. Mama aliisoma, akamwondolea mkato mmoja.

Alhamisi asubuhi bosi aliisoma karatasi hiyo akiwa amesimama, kisha akaketi, akaisoma tena. Mtu wa manunuzi alikuwa mlangoni na fomu ya agizo. Dereva naye alikuwa na sababu fulani ya kuwa pale.

"Kwa hiyo ninunue ipi?" bosi akauliza.

"Sijui, bosi."

"Jumatatu ulijua."

"Jumatatu pia sikujua. Ila Jumatatu niliona aibu kusema."

Dereva akakohoa kikohozi kisicho cha kifua. Bosi akavua miwani, akaikunja, akaikunjua. Alimtazama Nukta kama mtu anayetazama mlango aliouzoea na kuukuta umehamia ukuta mwingine. Alisema alidhani mambo haya yako kwenye damu. Nukta akasema baba yake alijifunza miaka saba kwa fundi mwingine kabla hajafungua redio ya mtu, na yeye hakujifunza hata siku moja. Kulisema hilo hakukuwa rahisi, lakini lilipotoka liliacha nafasi kifuani, kama fanicha iliyotolewa chumbani.

Bosi akamwashiria mtu wa manunuzi arudi na fomu yake. Akaamuru muuzaji aombwe wiki mbili zaidi, mfasiri wa hospitali aende na mashine moja wodini leo na nyingine kesho, wa mahakama afuate, kila mmoja aandike alichokiona mahali pake pa kazi. Na mtu wa kompyuta atafutwe, wa kweli, aitazame hiyo kamusi.

"Na mimi?" Nukta akauliza.

"Wewe utasoma watakayoyaandika. Hiyo si ndiyo kazi yako?" Halafu, alipokuwa ameshafika mlangoni, bosi akaongeza, bila kucheka, kwamba bila karatasi hiyo angeagiza mashine kumi na moja na dada wa wodini angelia.

Kwenye korido dereva alimwambia kwamba siku nyingine akitaka kujua zamu ya nani aulize, yeye ana ratiba. Wafasiri wawili walicheka. Nukta naye alicheka, akiwa amechelewa kidogo. Saa nane mchana dada wa wodini alituma ujumbe kwamba Bi Harusi bado ana robo tatu ya betri, ila kamusi anaikosa sana. Saa tisa akatuma mwingine: pengine Mbeba Mizigo, ila awe na betri mbili. Saa kumi akaandika kwamba hajui tena. Nukta alimjibu kwamba aandike hivyohivyo.

Jioni alipopita kwa mshona nguo, alipunguza mwendo, akijiandaa kwa kejeli. Mshona nguo alisimamisha cherehani yake, akainuka, akampa mkono kwa heshima ambayo hakuwahi kuipata hata alipoziponya simu.

"Mama yako alipita hapa asubuhi, kabla hata hujafika kazini kwako," akasema. "Ametueleza yote. Kwamba walikuwekea fomu mbele yako, ukawaambia hutii sahihi kitu ambacho hujakipima ukaridhika."

Nukta alitaka kusema kwamba haikuwa hivyo hasa. Aliyapima maneno hayo moja moja: fomu ilikuwepo; kipimo hakikumridhisha; sahihi hakutia. Hapakuwa na uongo wa kuufuta, na haukuwa ukweli wenyewe. Alisimama pale akiwa amefungua mdomo, mkono wake ukiwa bado ndani ya mkono wa mshona nguo, mpaka akakumbuka kuuliza kama suruali yake iko tayari.